Uzi: Albamu ya kwanza ya Duma, na maneno ambayo nyumbani hatuyatamki

Kinubi, Temeke (mwanzilishi wa uzi)

Wana jukwaa, salaam. Uzi huu nimeuahirisha kwa muda mrefu kwa sababu ambayo wengine mtaiona ya kipuuzi: kila nikianza kuuandika nakwama kwenye jina la kampuni iliyoitoa kazi yenyewe. Kampuni hiyo iko Kampala na inaitwa Nyege Nyege Tapes. Kwa Kiganda jina hilo linahusishwa na ekinyegenyege, yaani ile hamu ya ghafla inayomkamata mtu akainuka kucheza kabla hajaamua. Kwa Kiswahili kila mmoja wetu anajua ni hamu gani, na hakuna ambaye angelitamka mbele ya mkwe wake. Nimeshalitaja, sitalirudia bila sababu, na sasa tunaweza kuendelea.

Kazi ninayoizungumzia ni albamu ya kwanza ya Duma, kundi la watu wawili kutoka Nairobi: Martin Kanja, anayejulikana zaidi kwa jina la Lord Spikeheart, ambaye ndiye mwenye sauti, na Sam Karugu, mwenye gitaa na midundo. Waliirekodi Kampala mwaka 2019, ikatoka Agosti 2020 ikiwa na nyimbo tisa na jina lilelile la kundi. Ni metali kali, yaani ile roki ya magitaa mazito na sauti za kunguruma, iliyochanganywa na kelele za mashine, na midundo yake inakwenda kwa kasi ambayo mikono ya binadamu isingeweza kuifuata. Magazeti ya muziki ya Ulaya na Marekani yaliipokea kwa mshangao mkubwa, na sehemu ya mshangao huo, tusidanganyane, ilitokana na Nairobi na metali kutajwa katika sentensi moja.

Mara ya kwanza kuisikiliza nilikuwa nimepanga chumba katika nyumba ya wapangaji sita. Waya wa hedifoni haukuwa umeingia vizuri, nami nilidhani nasikiliza peke yangu, kumbe simu ilikuwa ikiunguruma kwa nyumba nzima. Mama mwenye nyumba akagonga mlango kwa mpini wa ufagio na kuuliza ni nani anayepigwa humu ndani. Nilimwambia ni muziki, mama. Akasimama kizingitini na kanga yake mabegani, akasikiliza kwa muda kama anavyosikiliza taarifa ya habari, kisha akauliza, “Anasema nini?” Sikuwa na jibu, na mpaka leo, baada ya kuusikiliza wimbo ule mara zisizo na idadi, bado sina.

Hapo ndipo swali langu linapozaliwa. Albamu hii inasemwa kuwa inagusa mambo ya mwiko: kifo, kujiua, shetani, dhambi na utupu wa kutokuwepo chochote. Lakini ukiisikiliza bila kuitazama, husikii neno hata moja katika hayo, kwa sababu sauti ya Kanja imepasuliwa mpaka silabi zimekufa. Mwiko wote umewekwa kwenye majina ya nyimbo, pale ambapo jicho linasoma. Je, hiyo ni hila tu ya kuuza, au ni jambo la kina zaidi? Naomba tujadili kwa utulivu.

Wanjohi wa Othaya

Ndugu Kinubi, umeanza na jina la kampuni ukaliruka jina la kundi, nalo lina yake. Msomaji wa Dar es Salaam akiona Duma anamwona mnyama mwenye madoa anayekimbia kuliko wote. Wao walilitoa Kikuyu, ambako maana yake ni giza, nduma. Kwa Kikuyu hichohicho, irabu ikibadilika kidogo tu, unapata ndũma, yale magimbi ambayo mama yangu huyachemsha asubuhi tukayala kwa chai. Kwa hiyo nyumbani kwetu nilipotaja kundi hili kwa mara ya kwanza walinielewa kwa njia tatu tofauti, na hakuna hata moja iliyowatisha.

Napenda pia isionekane kwamba watu hawa wawili waliibuka jangwani. Nairobi imekuwa na jumuiya ya roki nzito tangu miaka ya 2000, ndogo lakini yenye wivu wa kindugu na ugomvi wa kifamilia kama jumuiya yoyote nyingine. Wawili hawa walitoka katika makundi ya Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Wakati huo karibu kila kundi lilikuwa na safu ya kawaida ya gitaa mbili, besi na mpiga ngoma aliyelazimika kuazima ngoma zenyewe. Duma walipunguza watu na vyombo, wakaingiza kompyuta, na nadhani hapo ndipo walipojipatia lugha yao wenyewe, kwa sababu waliacha kuhangaika kupiga kama watu wa Birmingham ya Uingereza au Florida ya Marekani, kulikokulia metali.

Kuhusu swali lako, mimi nasema si hila. Kwetu jambo zito halipigiwi kelele likaeleweka. Ama linapigiwa kelele lisieleweke, kama kilio cha msiba, ama linasemwa kwa kunong’ona. Nenda matangani umsikilize mama anayelia kisha uniambie umepata maneno mangapi.

Mama Sada, Kisauni

Wanangu, nimesoma kwa makini, nami nina neno ambalo huenda lisiwapendeze. Kazi yangu ni ushauri nasaha, naifanya kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, na sehemu kubwa ya muda wangu nakaa na familia ambazo mtu wao amejitoa uhai au amejaribu. Nimeitafuta orodha ya nyimbo za albamu mnayoisifu, nikafika wa mwisho, ambao kwa Kiingereza unaitwa “Kill Yourself Before They Kill You”, yaani jiue kabla hawajakuua. Niliiweka simu chini, nikaenda kunywa maji.

Ninyi mnauliza mwiko uko wapi. Mimi nitawaambia ulipo, kwa sababu naukuta mezani kila wiki. Kijana wa jirani yangu alipofariki, kwenye tangazo la msikitini ilisemwa kwamba ameugua ghafla. Shangazi zake wakatuambia ni ajali, baba yake hakusema lolote, na mdogo wake wa kike, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, akabaki na maelezo matatu yasiyofanana na hana wa kumuuliza. Methali ya mficha maradhi tunaijua sote na tunaitumia kwa kisukari na kifua kikuu, ila kwa maradhi haya tunaisahau.

Tena albamu hiyo ilitoka mwaka 2020, wakati sheria ya Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, ilikuwa bado inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu anayeweza kufungwa hadi miaka miwili. Nimewahi kumhudumia mgonjwa kitandani huku askari amekaa kwenye benchi mlangoni akimsubiri apone ili amkamate. Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu hicho Januari 2025, baada ya tume ya haki za binadamu na chama cha madaktari wa akili kwenda mahakamani, nasi tuliokuwa kazini siku ile tulikumbatiana. Kwa hiyo nauliza bila hasira: katika nchi ambayo neno hilo lilikuwa kosa la jinai na aibu ya ukoo, kijana mwenye huzuni anapolikuta limeandikwa kama amri, nani amemfikiria?

Kinubi, Temeke

Mama Sada, shikamoo. Umeniweka mahali pagumu na ni haki yako. Sheria ya kwetu Tanzania nayo inalihesabu jaribio hilo kuwa kosa, kwa hiyo hatuna cha kujivunia.

Ninachoweza kusema ni jinsi ninavyokisoma kichwa hicho, nawe utanirekebisha. Mimi siisikii amri. Nasikia kauli ya wale “wao”, ikirudishwa usoni mwao. Wimbo hausemi ni nani wanaokuja kuua, ila umetoka Nairobi, na kijana wa Mathare au Dandora, mitaa ya wanyonge ya huko, hahitaji kuelezwa maana ya watu wanaokuja usiku. Kinachosemwa, kwa maoni yangu, ni kwamba dunia imempa kijana njia mbili na zote zinaishia pamoja, halafu anapiga ukelele kwa sababu anazikataa zote mbili. Lakini nakubali kwamba hayo niliyatafakari nikiwa nimeshiba, na nina mtu wa kuzungumza naye.

Mama Sada, Kisauni

Marahaba, mwanangu. Usomaji wako ni mzuri, ila anayeusoma saa nane usiku peke yake hana wewe wa kumfafanulia. Hilo ndilo tatizo langu, na usomaji mzuri hauliondoi.

Fundi Mitambo, Arusha

Naomba niingie kwa upande wa ufundi, kwa sababu swali la “anasema nini” lina jibu la koo pia.

Mtu anaposema au kuimba kwa kawaida, nyuzi mbili za sauti zilizo kooni zinatetemeka kwa mpangilio. Juu ya nyuzi hizo kuna mikunjo mingine miwili ya nyama ambayo kazi yake ya kawaida ni kuilinda njia ya hewa unapomeza. Waimbaji wa metali kali hujifunza kuikaza mikunjo hiyo ya juu mpaka nayo itetemeke, na ndipo unapata ule mngurumo. Asiyejua akijaribu kwa nguvu za koo peke yake, kesho yake anaamka hana sauti; anayejua anasukuma kwa tumbo na anaweza kufanya hivyo usiku kucha. Gharama yake ni konsonanti. Herufi kama “p”, “t” na “k” zinahitaji hewa ikatwe kwa usafi, na ndani ya mngurumo hakuna kinachokatika kwa usafi. Kanja anayo aina zaidi ya moja ya sauti hizo na anaruka kutoka chini kabisa hadi kwenye mlio mwembamba wa juu ndani ya pumzi moja, kwa hiyo maneno yanapotea maradufu.

Kuhusu midundo, mnaposikia kama mvua ya mawe juu ya bati, huo ni mtindo wa zamani wa watu wa graindikoo, tawi la metali lenye kasi kuliko mengi, ambapo ngoma kubwa na ngoma kavu hupigwa kwa kupokezana haraka mno. Kundi la Napalm Death la Birmingham lilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1987 ikiwa na nyimbo 28, na mmoja kati yake una urefu wa sekunde moja na kidogo, nao umeingia katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness. Mpiga ngoma wa kundi lile alikuwa na mapaja na mapafu, kwa hiyo alikuwa na kikomo. Midundo ya Karugu inapigwa na kompyuta ambayo haichoki, na hilo linaleta hisia ambayo mimi naiona ya kutisha kuliko kichwa chochote cha wimbo: unasubiri mpigaji apumzike, naye hapumziki, kwa sababu hayupo.

Sasa kuhusu mwiko kukaa kwenye maandishi. Jambo hilo si geni. Carcass wa Liverpool walipotoa albamu yao ya kwanza mwaka 1988 walibandika kwenye jalada picha za maiti za vyumba vya uchunguzi, na maneno ya nyimbo wakayajaza istilahi za udaktari zinazohitaji kamusi. Kwa sikio hakuna kilichosikika isipokuwa mngurumo. Msikilizaji alilazimika kuketi na jalada mkononi kama mwanafunzi. Tofauti ninayoiona ni kwamba vijana wale wa Liverpool walikuwa wakichezea machukizo ya mwili, na katika nchi yao aliyechukizwa angeweza kutoinunua sahani yao na mambo yakaishia hapo. Mambo yaliyoandikwa na Duma kwetu yana polisi, mchungaji na ukoo nyuma yake.

Mzee wa Kanisa, Nakuru

Wapendwa, mimi ni mzee wa kanisa kwa cheo na kwa umri, na mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha uzi huu akitumaini nitakasirika. Nimemvunja moyo.

Nawakumbusha kwanza tulikotoka, kwa kuwa wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini Kenya, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti yake ilikuja kuwekwa mbele ya Bunge mwaka 1999. Miaka ile hofu ilikuwa imeenea mashuleni kiasi kwamba mtoto akichora nyota yenye ncha tano daftarini anaitwa ofisini na mzazi wake anaandikiwa barua. Mimi mwenyewe nilichoma kanda tatu za mwanangu nyuma ya jiko, na hata sikuzisikiliza kwanza. Nalitaja hilo kwa sababu bado linanisumbua. Hofu yenyewe haikuisha na karne ile: mwaka 2019, serikali ilipoandikisha watu kwa Huduma Namba, ile namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, wapo waumini waliokataa kabisa wakisema ni chapa ya mnyama.

Kwa hiyo nilipoona wimbo unaitwa “Pembe 666”, nilielewa kwa nini mjukuu alitarajia kishindo. Lakini nikafungua Ufunuo sura ya 13, kama nilivyozoea. Mnyama wa kwanza anatoka baharini akiwa na pembe kumi, wa pili anatoka katika nchi akiwa na pembe mbili kama mwana-kondoo, na hesabu ya 666 inakuja katika mstari wa 18. Nikarudi kwenye orodha. Wimbo wa kwanza unataja malaika na mashimo yasiyo na mwisho. Sura ya 9 ina shimo la kuzimu na malaika wake. Mwingine unaitwa “Sin Nature”, asili ya dhambi, na hayo ni mafundisho ya mtume Paulo ambayo nimeyahubiri kwa sauti yangu hii, tena kwa kupaza. Ndugu zangu, orodha hii ukinipa bila muziki nitadhani ni ratiba ya semina ya kanisa la kipentekoste.

Sisemi wao ni wahubiri, na kusudi lao wanalijua wenyewe. Nasema wametumia kabati letu wenyewe, na yale tuliyoyaweka rafu ya juu kabisa ili watoto wasiyafikie. Anayelelewa katika nyumba ambamo kila Jumapili anaambiwa kwamba ulimwengu unakwisha kwa moto, akikua akaupigia moto huo kelele, sidhani kama ni haki kumuuliza ameutoa wapi.

Kinubi, Temeke

Mzee, shikamoo. Umenifungua macho, nami naongeza kidogo katika pembe yako. Kwa Kiswahili pembe ni ya ng’ombe, ni ya ndovu, na ni ya chumba pia. Wimbo wa pili katika albamu unaitwa “Corners in Nihil”, na huko nako ni pembe, pembe zilizo ndani ya utupu. Sijui kama walikusudia, ila mtu anayewaza kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza huacha alama za miguu namna hiyo, na mimi hupenda kuzifuata.

Nalubaale, Jinja

Kiswahili changu ni cha shuleni na cha sokoni, mtanisamehe. Nimeona mnalikwepa jina la kampuni, basi niwaelezeni lilivyotutesa sisi wa huku.

Kabla ya albamu za namna hii kulikuwa na tamasha lenye jina hilohilo, lililoanza mwaka 2015 kando ya mto Nile, hapa karibu na mji wetu. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa wakati huo, Simon Lokodo, aliyewahi kuwa padri, alilipiga marufuku siku chache kabla halijaanza, akidai ni uwanja wa uasherati. Siku ya pili yake kibali kikarudi kwa masharti. Mwaka 2022 mvutano huohuo ulifika bungeni, na tamasha likafanyika tena kwa masharti. Mwaka ule wa 2018 mimi nilikuwa nauza chapati na mayai nje ya geti. Nilikuwa nimeshanunua trei ishirini za mayai kwa mkopo, na kwa muda wa siku moja na nusu sikulala. Mayai yakaisha Jumamosi kabla ya saa sita mchana.

Naleta hayo kwa sababu mnazungumza kana kwamba Duma ndio walioukaribia mwiko. Nyumba waliyoingia kurekodi ilikuwa tayari imeandikwa mlangoni neno ambalo waziri hakulitaka na ninyi hamlitamki. Mtu aliyeimba ndani ya nyumba hiyo kuhusu malaika na mashimo hakuwa na la kuficha zaidi.

Wanjohi wa Othaya

Kuna jambo moja nililosita kulisema, lakini baada ya Mzee wa Kanisa kutaja kabati nimeona nilitoe.

Kundi la Duma kama tulivyolijua halipo tena katika umbo lake la kwanza. Lord Spikeheart alitoa albamu yake binafsi, The Adept, Aprili 2024, chini ya kampuni yake mwenyewe ya Haekalu, akaitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, ambaye anamtaja kuwa bibi wa ukoo wake. Wasiomjua: Muthoni ni mwanamke aliyefikia cheo cha jemadari katika vita vya Mau Mau. Alikaa msituni mpaka uhuru, akazifuga nywele zake za msituni kwa takriban miaka sabini, akanyolewa Nyeri Aprili 2022, na kufariki Septemba 2023.

Sasa fikirini. Mau Mau ilibaki chama kilichopigwa marufuku kisheria mpaka mwaka 2003. Nilikuwa nimeshaota ndevu kabla ya kiapo alichokula babu yangu kuacha kuwa kosa kwenye vitabu vya Jamhuri iliyozaliwa kwa kiapo hicho. Nyumbani hakikuzungumzwa. Babu alikuwa na kidole kilichopinda, na tulipokuwa wadogo tukimuuliza alikuwa akisema ni jembe. Alipofariki ndipo bibi alipotuambia ni koleo, na ni kambini.

Ndiyo maana nilisema hapo juu kuhusu kilio. Ninapousikia mngurumo ule katika albamu ya kwanza, iliyotoka miaka karibu minne kabla hajamtaja Muthoni hadharani, nasikia mtu anayejua kuna kitu nyumbani kwao kisichosemwa, na bado hajakipata jina. Akaanza kwa kuvitaja vyote vya kutisha alivyovisikia kanisani na mtaani, pembe, dhambi, mashimo, kujiua, kama anayejaribu funguo moja baada ya nyingine. Albamu ya pili ndipo mlango ulipofunguka kidogo. Nikilazimishwa kuchagua bado nitachukua ile ya kwanza, kwa sababu ya zile funguo zisizoingia.

Fundi Mitambo, Arusha

Wanjohi, pole kwa habari za babu. Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila tusiisafishe mno albamu hii mpaka ionekane ni mnara wa kumbukumbu. Wimbo mmojawapo unaitwa tu “Uganda with Sam”, jina ambalo mtu angeliandika nyuma ya picha ya safari. Walikuwa pia vijana wawili waliokaa miezi kadhaa mbali na nyumbani wakichezea mashine na kucheka. Ukisikiliza kwa hedifoni nzuri, kuna mahali mdundo unajikwaa na kurudi kwa namna ambayo hakuna mtu angeifanya kwa huzuni. Huo ni utundu.

Mama Sada, Kisauni

Nimerudi, wanangu, baada ya siku tatu. Nilimwomba mpwa wangu aniwekee albamu yote kuanzia mwanzo nikiwa jikoni nachambua mchicha, kwa sababu sipendi kukihukumu kitu kwa jina lake, ingawa Mzee ameungama kwamba amewahi.

Sikupata neno. Nilichopata ni kwamba kufikia wimbo wa nne nilikuwa nimeacha kuchambua, nimeshika shina mkononi, na kilichokuwa kikinijia ni chumba changu cha kazi. Wapo wanaokuja wakaeleza vizuri, kwa mpangilio, na hao siwahofii sana. Wapo wanaokaa nusu saa bila kutamka kitu, kisha inatoka sauti ambayo si neno wala si kilio, na baada ya sauti hiyo ndipo wanaanza kusema. Kazi yangu katika dakika ile ni kutulia tu na kutomwambia anyamaze. Sauti ya kijana huyu naijua. Sikuwahi kuisikia ikirekodiwa, wala sikufikiri inafaa kurekodiwa, na bado sina uhakika kwamba inafaa.

Kuhusu kichwa cha wimbo wa mwisho, sijabadili msimamo. Wimbo wenyewe umenitisha kidogo kuliko jina lake. Angeniomba ushauri mimi, ningemwambia auache wimbo na alibadilishe jina, naye bila shaka angekataa, na mpwa wangu ananiambia ndiyo maana hakuniomba.

Nina ombi moja kwako, Kinubi. Uzi huu sasa umesomwa na watu wengi, na kichwa kile kimeandikwa humu kwa herufi zote, nami ndiye niliyekiandika. Weka mstari mwanzoni kabisa, kabla ya hadithi ya mama mwenye nyumba, umwambie msomaji kwamba ndani kunatajwa kujiua, na kwamba kama yuko katika hali hiyo aongee na mtu aliye karibu naye au aende kituo cha afya leo, na hapa kwetu hatakamatwa tena kwa hilo. Uandike kwa Kiswahili cha kawaida, kisichonguruma.

Kinubi, Temeke

Shikamoo tena, mama. Nimeshahariri bandiko la kwanza. Nimeweka mstari wako kama ulivyousema, ila mwishoni nimeongeza kwamba kwa sisi wa upande wa Tanzania sheria bado haijabadilika, aende hivyohivyo, na akipenda aende na mtu wa kumsindikiza.